Kupiga formati si kutengeneza

Kuna neno moja tumelichoka hapa Nakivale, na ukipanda gari kwenda Mbarara utalikuta limekutangulia: formati. Kompyuta imekuwa nzito? Piga formati. Kioo kinapepesa? Piga formati. Herufi zimegeuka viboksi? Formati. Na kama kijana ameweka gemu, picha zikaanza kutoka rangi za ajabu, hapo ndio hata hawakuulizi mara mbili. Sisi vijana wa kikundi tunasema hapana. Na hapana yetu tutaieleza kupitia kitu ambacho wazazi wetu wengi wanakiona ni upuuzi, yaani hilo hilo gemu.

Wengi wenu mnazijua kompyuta nne za kikundi. Ya tatu, ile nyeusi yenye kitufe cha N kilichong'oka, iliachwa na rafiki yetu aliyepata safari ya Kanada. Alipoikabidhi alisema maneno machache tu: itumieni kwa yote, lakini mtaa wangu musiufute. Mtaa wake uko ndani ya The Sims 2, gemu la kuigiza maisha. Unajenga nyumba, unaweka watu ndani, wanapika, wanaoga, wanagombana, wanazaa, wanazeeka. Kwa karibu miaka miwili, siku ambazo betri iliruhusu, alijenga barabara moja ya Uvira vile anavyoikumbuka. Nyumba ya bibi yake mzaa mama ipo. Duka la kona lipo. Hata ukuta uliobomoka nusu upo, ameujenga makusudi ukiwa umebomoka. Mahali pa mwembe ameweka mchungwa, juu gemu halina mwembe. Familia zote zina majina ya watu wa kweli. Wengine tuko nao hapa kambini, wengine hawapo tena duniani.

Sasa, tangu Windows ya kompyuta hiyo ipandishwe kuwa 10, mtaa ulianza kuugua. Picha inafunguka imevutwa, kingo za kila kitu kama ngazi. Ukicheza nusu saa, kuta zinaanza kuwaka rangi ya pinki: zinawaka, zinazimika, zinawaka tena. Nguo pinki, majani pinki, uso wa bibi pinki. Na kila mtu akitoka nje juani, chini ya miguu yake kuna mraba mweusi mahali palipotakiwa kuwa na kivuli.

Fundi mmoja wa mjini aliangalia kwa dakika mbili, akasema kadi ya grafiki imekufa, ila kwanza tupige formati tuone, shilingi 30,000. Hatumtaji, na wala si yeye peke yake. Tunaamini mafundi wengi wangesema vile vile. Kwenye kikao cha kikundi papa wawili wa kamati wakaunga mkono: futeni hilo gemu, kompyuta ibaki ya masomo. Mama mwenyekiti akasogeza kura mpaka mwisho wa mwezi. Tunaandika haya kabla ya kura hiyo, ili watu wapige kura wakijua wanachopigia.

Kadi haikufa. Kadi ya grafiki ni kile kipande cha kompyuta kinachochora picha kwenye kioo. Kikianza kufa, ugonjwa wake unaonekana kila mahali: mistari inapita hata kabla Windows haijafunguka, filamu zinakatika rangi, kompyuta inazimika ikipata moto. Ile kompyuta ya tatu inaonyesha filamu vizuri, inaandika barua vizuri, inafungua picha za harusi vizuri. Ugonjwa uko ndani ya gemu moja tu. Hilo peke yake lilipaswa kumfanya mtu asimame kwanza.

The Sims 2 ilitoka Septemba 2004. Watengenezaji wake, Maxis walio chini ya Electronic Arts, waliweka ndani ya gemu orodha ya kadi za grafiki zilizojulikana wakati ule. Kazi hiyo inafanywa na mafaili mawili: Video Cards.sgr lenye majina ya kadi, na Graphics Rules.sgr lenye masharti. Ukiwasha gemu, linaangalia kadi iliyomo kwenye kompyuta, halafu linatafuta jina lake kwenye orodha. Likilikuta, kadi inapewa haki zake: ukubwa huu wa picha, vivuli vya namna hii, memori kiasi hiki. Lisipolikuta je?

Jamani, sisi watu wa Nakivale hatuhitaji mwalimu wa kutufafanulia hapo. Umefika kwenye mstari, umesimama kwa miguu yako, kila mtu anakuona, lakini jina halisomeki kwenye orodha. Hawasemi kwamba haupo. Wanakupa kale kadogo ka kukufanya usianguke, na wanakuambia urudi siku nyingine. Kadi ya Intel iliyotengenezwa karibu miaka kumi baada ya gemu haiwezi kuwa kwenye orodha ya 2004. Gemu linaiona, lakini halina habari nayo, kwa hiyo linaihesabia memori ya megabaiti 32 na picha ya 800 kwa 600. Kadi yenyewe ina uwezo mara nyingi zaidi ya hapo, ila hakuna aliyeiuliza. Wala hatumlaumu mtu wa 2004, angejuaje?

Na hii si hadithi ya kubuni. Gemu lenyewe linaiandika. Ingia kwenye folda ya Documents, halafu EA Games, halafu The Sims 2, halafu Logs. Humo kuna faili la maandishi ambalo jina lake linaishia na config-log. Lifungue kwa Notepad. Utakuta jina la kadi yako, utakuta imeandikwa kwamba haikupatikana kwenye orodha, na kwenye mstari wa memori ya picha utakuta 32. Dada mmoja wa kikundi, ambaye aliacha shule darasa la tano, ndiye aliyelisoma faili lile kwanza, kwa kidole, mstari kwa mstari, akiruka maneno ya Kiingereza asiyoyajua na kushika namba. Alipofika kwenye 32 akauliza: mbona kompyuta nzima ina gigabaiti 4, hii 32 imetoka wapi? Kwa maoni yetu swali lile lilikuwa na thamani kuliko shilingi 30,000 za fundi.

Kuhusu pinki, sababu ni hii. Kila ukuta, nguo na jani ndani ya gemu ni umbo tupu lililobandikwa picha juu yake, kama vile mama anavyobandika magazeti kwenye ukuta wa udongo ili nyumba ipendeze. Picha hizo gemu linazishika kwenye memori. Memori ikijaa, au gemu likidhani imejaa, linakosa mahali pa kuweka picha ya ukuta, basi linapaka ile pinki inayowaka kuonyesha kwamba hapa kuna kitu kimekosekana. Kwa hiyo uso wa bibi haukuharibika hata kidogo. Ulikuwa salama kwenye diski muda wote. Ulikosa tu nafasi ya kuchorwa.

Tiba yake ilitumia Jumamosi mbili, na zaidi ya nusu ya Jumamosi ya kwanza ilikuwa kunakili. Tulinakili folda nzima ya The Sims 2 iliyo ndani ya Documents, ambayo ndiyo yenye mtaa, tukaiweka kwenye flash, halafu flash tukaipeleka kwenye kompyuta ya pili kuhakikisha mafaili yote yamefika na hayajakatika. Kopi ambayo hujaifungua usiihesabu kuwa kopi. Baadaye tukanakili na faili la Graphics Rules.sgr, tukaipa kopi jina la tarehe. Hapo ndipo tukaanza kugusa.

Ndani ya faili hilo kuna mahali panaposema, kwa lugha yake, kwamba kadi isiyojulikana ihesabiwe memori ya 32. Tukaweka 512. Kuna mahali pengine pa upana na urefu wa juu wa picha. Tukaweka vipimo vya kioo chetu. Mtu asiyependa kuandika kwa mkono anaweza kutumia programu ndogo ya bure iitwayo Graphics Rules Maker, iliyotengenezwa na wapenzi wa gemu wenyewe, inayoandika masharti hayo na kuongeza jina la kadi yako kwenye orodha. Sisi tuliandika kwa mkono makusudi, tulitaka kuona. Angalizo moja kwa watakaojaribu: ukiwa na nyongeza nyingi za gemu, kila nyongeza ina faili lake, na linalosomwa ni la nyongeza ya mwisho. Ukibadilisha la gemu mama utahangaika mpaka jua lizame bila kuona tofauti.

Tukabadilisha kitu kimoja, tukawasha, tukaangalia, tukazima. Kitu cha pili, tukawasha, tukaangalia. Hii ndiyo sehemu ambayo wadogo zetu walichoka nayo, kila mtu alitaka kubadilisha vyote kwa mara moja. Lakini ukibadilisha vitano na kikapona, hujui kipi kilichoponya. Na kikizidi kuugua, hujui kipi kilichoua.

Picha ikajaa kioo, kingo zikalainika. Pinki ikapungua lakini haikuisha. Kumbe iko sababu ya pili: The Sims 2 ni programu ya biti 32, na programu za namna hiyo Windows inazipa gigabaiti 2 tu za kutumia, hata kama kompyuta ina zaidi. Iko alama moja ndani ya faili la programu ambayo ikiwashwa, Windows ya biti 64 inairuhusu ifike mpaka 4. Tukaiwasha, baada ya kopi. Njia nyingine ambayo watu wanaisifu, DXVK, inatafsiri maagizo ya DirectX ya zamani kwenda Vulkan, lakini inataka kadi inayoijua Vulkan, na yetu haijui. Tukaiacha.

Miraba myeusi chini ya miguu ni ugonjwa wake peke yake, kadi mpya na vivuli vya zamani haviafikiani. Ndani ya gemu unabonyeza Ctrl, Shift na C, kinafunguka kisanduku cha amri, unaandika boolProp simShadows false. Miraba inaondoka, na vivuli vya watu vinaondoka nayo. Kwa hiyo sasa bibi anatembea uani bila kivuli. Mmoja wetu akasema afadhali, marehemu hawana vivuli. Tukacheka, halafu tukanyamaza.

Mpaka leo ukicheza masaa mengi kwenye nyumba kubwa, pinki inarudi kuchungulia. Ikianza, unahifadhi, unatoka, unawasha upya. Hatusemi imepona kabisa. Tunasema inaishi na dawa.

Sasa turudi kwenye formati. Papa mmoja wa kamati alituambia, kwa busara kabisa, mungenakili huo mtaa, mukapiga formati, mukaweka gemu upya, si ingekuwa kazi ya siku moja? Tulimheshimu, tukafikiri, na jibu letu ni hili. Ukiweka gemu upya, linakuja na orodha ile ile ya 2004. Kadi yetu haitakuwepo. Memori itakuwa 32. Pinki itarudi siku hiyo hiyo. Formati ingetula shilingi 30,000, ingefuta kila kitu kilichomo, na ugonjwa ungebaki umekaa pale pale, kwa sababu haukuwa kwenye Windows wala kwenye diski. Fundi angesema basi kadi imekufa kweli, nunueni kompyuta nyingine.

Hasira yetu iko hapo. Formati hutumika mahali pa kuuliza. Na hapa kwetu watu wanaibeba formati kwa urahisi mno kwa jinsi kompyuta zetu zilivyo na vitu vizito ndani. Mtu wa mjini akipoteza mafaili, anarudi ofisini anachapisha mengine. Mama mmoja wa kijiji chetu alipeleka laptopu ya mwanae kutengenezwa, ilikuwa inapepesa kioo tu. Ilirudi ikiwa safi, nyepesi, inang'aa. Ndani yake palikuwa na picha ya diploma ya serikali ya yule kijana, ambayo ya karatasi iliungua Congo pamoja na nyumba. Palikuwa na sauti ya baba yake akiimba kanisani. Hakuna aliyemuuliza kama kuna kitu cha kunakili. Sisi watu tuliovuka mpaka na mfuko mmoja, ndani ya kompyuta ndimo tunamoweka yale ambayo mfuko haukuweza kubeba: karatasi za familia, kadi za chanjo, picha za makaburi, barua za wakubwa. Halafu mtu anafuta vyote kwa sababu kioo kinapepesa!

Na kioo kupepesa mara nyingi ni draiva, ile programu inayozungumza na kadi. Kwenye Windows 10, jaribu kwanza kubonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Kioo kinakuwa cheusi kidogo, kinalia, draiva inaanza upya. Ikiwa ugonjwa ulikuja baada ya Windows kujisasisha, kwenye orodha ya vifaa unaweza kuirudisha draiva ya zamani, na hakuna picha hata moja itakayofutwa. Haya ni mambo ya dakika kumi. Hatukatai kwamba iko siku formati ni dawa ya haki. Virusi vimekula mfumo, au Windows yenyewe imevunjika haiinuki, sawa, piga. Lakini iwe dawa ya mwisho, baada ya kopi, na mwenye kompyuta aulizwe kwa lugha anayoielewa.

Tunajua hoja nyingine zitakuja. Gemu linakula muda. Kweli linakula, tumeona vijana wamekaa mpaka sola inalia. Gemu linakula umeme ambao wengine wanautaka kuchaji simu. Hiyo nayo kweli, na ndio maana tunakubali zamu na saa. Lakini wakisema gemu halifundishi, hapo tunabisha. Wengi wetu tumepita kwenye mafunzo ya kompyuta, hapa na mjini. Tulifundishwa kufungua Word, kuweka herufi nene, kupanga jedwali, kuzima. Cheti kikatoka. Siku kompyuta inapokataa kuwaka, mwenye cheti na asiye na cheti wote wanabaki wakitazamana. Ndani ya zile Jumamosi mbili, watu saba walijifunza kusoma faili la kumbukumbu za mashine, kujua memori ya kadi na memori ya kompyuta si kitu kimoja, kujua biti 32 na 64, kunakili na kuthibitisha kopi, kubadilisha kimoja kimoja. Hakuna aliyelazimishwa kuja. Walikuja kwa sababu walitaka kuuona uso wa yule bibi.

Na kuna mkate humo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Ila karatasi zetu za shule za Congo zinadai kulinganishwa kwanza, na wengi wanakwama hapo kwa miaka. Utengenezaji wa kompyuta haukuulizi karatasi, unakuuliza kama imewaka. Sisi wengine tunakaa Masha, kwenye barabara ya Mbarara kwenda Isingiro, tunaona laptopu zikipita kwenye boda zikienda mjini kutengenezwa na zikirudi zimefutwa. Fundi anayeweza kusema "ngoja nisome kwanza" atapata wateja pale, hatuna wasiwasi.

Wengine watasema basi tafuteni mfano wa mkimbizi aliyefika popote kwa gemu. Yupo, na alikulia Uganda hii hii. Lual Mayen alizaliwa familia yake ikikimbia vita ya Sudan Kusini, akakulia kambini kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu, dola 300, kumnunulia laptopu, na alikuwa anatembea masaa matatu kwenda kuichaji. Alijifundisha mwenyewe, akatengeneza gemu la amani liitwalo Salaam, na 2018 akapewa heshima kwenye The Game Awards huko Los Angeles. Hatusemi kila mtu wa Base Camp atakuwa Lual. Tunasema yule mama hakuambiwa na kamati kwamba kompyuta ni ya masomo tu.

Hata hili gemu lenyewe lilitoka kwenye nyumba iliyoungua. Will Wright, aliyelibuni, alipoteza nyumba yake kwenye moto mkubwa wa Oakland, California, Oktoba 1991, moto uliowaua watu 25. Alipokuwa anaanza kununua vitu upya, kijiko, kitanda, sahani, akaanza kujiuliza mtu anahitaji nini hasa ndani ya nyumba, na kwa nini. The Sims ya kwanza ikatoka Februari 2000. Tulipoisoma hiyo habari kwa sauti kwenye kikao, wazee walikaa kimya, kwa sababu lile swali la kijiko na sahani kila mmoja hapa ameliuliza siku ya kwanza alipopewa kiwanja.

Jambo jingine linalotuuma ni lugha. Msaada mwingi wa matatizo haya umeandikwa Kiingereza, kidogo Kifaransa. Watu wa kawaida waliolipenda gemu ndio waliolitunza: mwaka 2014 Electronic Arts iliwagawia watu bure mkusanyiko mzima kwa muda mfupi, kisha kwa upande wa Windows gemu halikuuzwa tena rasmi mpaka Januari 31, 2025, liliporudishwa sokoni pamoja na lile la kwanza. Miaka yote hiyo ya katikati wapenzi ndio walioandika maelezo, wakatengeneza vile vidude vya kurekebisha, wakavitoa bure. Tunawashukuru, ila ndugu yetu anayejua Kiswahili na Kinyamulenge tu hafaidiki nayo. Ndio maana tumeanza daftari. Tumeandika kadi ya grafiki, draiva, memori, faili la kumbukumbu, kopi, na kila neno lina mfano wake wa hapa nyumbani. Ile ya mstari na orodha imo. Ile ya magazeti ukutani imo. Anayejua neno bora kuliko letu atuambie, daftari ni la wote.

Basi kwa kura ya mwisho wa mwezi, ombi letu kwa kamati ni kama ifuatavyo. Kompyuta ya tatu ibaki na mtaa wake. Mtaa wenyewe, tukiacha gemu, unachukua nafasi ndogo kuliko filamu moja ya zile tunazoonyesha Jumapili. Kompyuta yoyote ya kikundi isipigwe formati mpaka watu wawili wa kikundi waandike kwenye daftari ugonjwa wake ni nini, wamejaribu nini, na kopi iko wapi. Shilingi 30,000 zilizotengwa kwa ajili ya fundi zinunue diski ya nje ya mkono wa pili, na kila mwanakikundi awe na folda yake humo ya karatasi na picha za familia. Na nenosiri la msimamizi lisikae kwa mtu mmoja anayeishi mjini, likae hapa kambini kwa watu watatu, mmoja wao awe yule dada aliyeiona 32.

Jumamosi tunakuwa pale pale, kuanzia saa tatu asubuhi, sola ikishakaza. Leteni laptopu ambazo zimeambiwa zimekufa. Mje na chaja, na kama mnayo, flash tupu ya gigabaiti 16, kwa sababu kazi ya kwanza kabla ya kugusa chochote itakuwa kunakili.